Bwana Bentley na Gharama za Ushindi

Kila mwaka, mwezi wa Juni, mji wa Le Mans katika Ufaransa hupokea maelfu ya watu waendao kutazama magari yakishindana kwa muda wa saa 24, mchana na usiku. Tangu mwaka 2021 magari ya daraja la juu katika shindano hilo huendeshwa chini ya kanuni ya kusawazisha nguvu. Wenye shindano hulipima kila gari. Lililo na nguvu mno hupunguziwa, na lililo jepesi huongezewa uzito, ili kampuni iliyomwaga fedha nyingi isimwache mbali mwenzake aliyetumia kwa kiasi. Kanuni hiyo haikuzuka bure. Gharama za daraja lililotangulia zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Audi ikajitoa mwishoni mwa mwaka 2016, na Porsche ikafuata mwaka 2017. Wako wasemao kuwa kusawazisha huko ni busara, na wako wasemao kuwa ni kumfunga jiwe mguuni mkimbiaji aliye hodari.

Sisi tusikiapo mabishano hayo humkumbuka Mwingereza mmoja aliyekwisha kufariki zamani, ambaye jina lake lingali likiandikwa juu ya magari ya matajiri, ijapokuwa mwenyewe hakufa tajiri. Mtu huyo ni Walter Owen Bentley. Mabishano ya leo yalikuwa yake pia, na yeye aliyalipia kwa kampuni yake.

Bwana Bentley alizaliwa London tarehe 16 Septemba, 1888, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto tisa. Alipotimiza miaka 16 aliacha masomo akaenda Doncaster kujifunza ufundi katika karakana za reli ya Great Northern, na baba yake akalipa pauni 75 kwa mafunzo hayo ya miaka mitano. Huko alifua vyuma, akaunda vipande vya mitambo, na mwisho akapanda juu ya gari-moshi kusaidia kutia makaa. Siku yake iliyokuwa ndefu kuliko zote alikwenda kutoka London mpaka Leeds na kurudi, safari ya maili 400, na makaa yaliyotumika yalikaribia tani 7. Twaomba msomaji aikumbuke reli hiyo, kwa kuwa maisha yake yote Bwana Bentley aliunda magari kama mtu aundaye gari-moshi: makubwa, mazito, yenye nguvu isiyolazimishwa, yawezayo kwenda kutwa kucha pasipo kuvunjika.

Baada ya reli aliangalia matengenezo ya teksi katika London, na mwaka 1912 akaingia pamoja na ndugu yake katika biashara ya kuuza magari ya Kifaransa yaitwayo DFP. Mwaka 1913 alikwenda Ufaransa kwenye kiwanda chao akaona mezani kipande cha alumini kilichotumiwa kuzuia karatasi zisipeperuke. Papo hapo akafikiri kuwa madini hiyo nyepesi ingefaa kwa pistoni, na ikafaa. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, maarifa hayo yalimpeleka katika jeshi la wanamaji wa angani, ambako aliunda injini ya eropleni iliyoitwa BR1 na kutiwa katika ndege za Sopwith Camel. Serikali yake ilimpa nishani, na mwaka 1920 akapewa tuzo ya pauni 8,000.

Fedha hizo zilimsaidia kuendesha kampuni ya Bentley Motors, ambayo ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1919. Injini ya kwanza, ya silinda nne na ujazo wa lita 3, iliwashwa katika kibanda kidogo karibu na mtaa wa Baker, London. Wanunuzi wakaanza kupata magari mwaka 1921 kutoka kiwanda cha Cricklewood. Kampuni ilizaliwa na fedha chache, ikaishi na fedha chache, na hapana mwaka ambao mwenyewe aliweza kulala akiwa na hakika ya mishahara ya mwezi ujao. Nguo moja ilishonwa ikavaliwa na watu wawili: fundi na mwuzaji. Matangazo katika magazeti yalikuwa ghali, kwa hiyo akaona kuwa tangazo lililo rahisi ni kushinda.

Shindano la Le Mans lilianza mwezi wa Mei 1923. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba hata siku hiyo ya kwanza kanuni ya kusawazisha ilikuwapo. Kila gari lilipangiwa masafa yake kwa kadiri ya ukubwa wa injini. Dogo lilitakiwa kwenda maili chache, kubwa maili nyingi, na lililofikia kiwango chake lilihesabiwa limefaulu. Kwa kanuni hiyo hapakuwa na mshindi mmoja mwenye kutangazwa rasmi. Bwana Bentley alidhani kuwa kuendesha magari kwa saa 24 ni wazimu. Walakini mnunuzi wake mmoja, John Duff, aliandikisha gari lake mwenyewe, naye Bwana Bentley akaenda kutazama. Jiwe lilitoboa tangi la petroli, na juu ya hayo gari likashika nafasi ya nne. Akarudi Uingereza akiwa amevutwa kabisa. Mwaka 1924 Duff pamoja na Frank Clement wakashinda.

Kisha yakafuata mafundisho machungu. Mwaka 1925 kanuni ilisema kwamba hapana gari litakalojazwa petroli kabla ya kumaliza mizunguko 20, na kwamba magari ya aina hiyo yaende mizunguko ya mwanzo yakiwa yamefunikwa turubai, ili yafanane na magari ya watalii. Turubai ikakamata upepo, upepo ukala petroli, na gari moja la Bentley likazimika njiani tangi likiwa kavu, kwa sababu dereva alikuwa akishindana na Sunbeam kwa mwendo uliopita hesabu. Mwaka 1926 hakuna gari la Bentley lililofika mwisho. Mwaka huohuo fedha za kampuni zilikauka.

Aliyeiokoa ni Woolf Barnato. Kijana huyo alikuwa mrithi wa Barney Barnato, aliyepata utajiri wake katika almasi za Kimberley, Afrika Kusini. Hatuwezi kuipita habari hiyo kimya. Almasi zile zilichimbwa kwa mikono ya Waafrika waliofungiwa kambini ili wasitoke na jiwe hata moja, na sehemu ya faida yake ikaishia kununua matairi na petroli kwa ajili ya mchezo wa vijana matajiri wa London. Barnato aliweka katika kampuni zaidi ya pauni 100,000, akawa mwenyekiti, na tokea siku hiyo Bwana Bentley akawa mtumishi katika nyumba yenye jina lake.

Hata hivyo, Barnato alikuwa dereva hodari kweli kweli. Mwaka 1927 magari ya Bentley yaligongana usiku karibu na Maison Blanche. La lita 3, fremu yake ikiwa imepinda, likaendelea mikononi mwa Davis na Benjafield mpaka likashinda. Mwaka 1928, 1929 na 1930 Barnato alishindana Le Mans mara tatu akashinda mara tatu. Mwaka 1929 magari ya Bentley yalishika nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne.

Ushindi huo ulikuwa wa masafa. Mahali pengine mambo yalikuwa mbalimbali. Mwezi wa Mei 1929 palikuwa na shindano la siku mbili huko Brooklands, saa 12 kila siku, maana majirani walikataa kelele za usiku. Hesabu ilifanywa kwa kulinganisha mwendo wa kila gari na kiwango kilichowekewa injini ya ukubwa wake. Bentley ya lita 4½ ilikwenda maili nyingi kuliko Alfa Romeo ndogo ya lita 1½ iliyoendeshwa na Giulio Ramponi peke yake siku zote mbili; lakini hesabu ilipopigwa, Alfa Romeo ilikuwa mbele kwa tofauti ndogo isiyozidi upana wa unywele. Mwezi wa Julai, katika bustani ya Phoenix mjini Dublin, Alfa Romeo nyingine ndogo iliishinda Bentley ya Glen Kidston kwa sekunde chache tu.

Je, ilikuwa haki? Wapenzi wa Bentley walinung'unika. Sisi twaona kwamba wenye mashindano hawakuwa na njia nyingine. Kama lisingalikuwapo shindano ila la wenye injini kubwa, wangalibaki watu wawili watatu wenye baba wa almasi, na mafundi wa magari madogo wangalikaa nyumbani. Lakini kanuni ya namna hiyo ina ubaya wake. Anayeona amewekewa kiwango cha juu hatapunguza matumizi. Atatafuta nguvu zaidi ili avuke kiwango, na nguvu ina bei.

Hapo ndipo Bwana Bentley na watu wake walipoachana njia. Yeye alishika imani ya reli: ukitaka nguvu, ongeza ukubwa wa injini. Kutoka lita 3 alikwenda 4½ na 6½, na mwisho 8. Sir Henry Birkin, dereva shujaa asiye na huruma kwa gari, alitaka njia ya mkato: kufunga mbele ya injini ya lita 4½ pampu ya kuisukumia hewa kwa nguvu, iliyobuniwa na Amherst Villiers. Bwana Bentley alikataa kwa maneno mazito, akiona kwamba kuishindilia injini hewa ni kuiharibu umbo na kuuharibu utendaji wake. Birkin akamwendea Barnato, na Barnato akakubali.

Sasa itazame kanuni ilivyofanya kazi. Wenye Le Mans hawakutaka magari yaliyoundwa kwa shindano tu. Walitaka magari yauzwayo kwa watu. Kwa hiyo walidai kwamba kabla ya gari la namna hiyo kukubaliwa, yawepo 50 ya aina yake. Nia ilikuwa njema, yaani kuzuia matajiri wasitengeneze vitu vya ajabu visivyo na mnunuzi. Tokeo lake lilikuwa kinyume. Kampuni isiyo na akiba ililazimika kuunda magari 50 ya gharama kubwa, ambayo mkuu wake wa ufundi hakuyataka, ili magari machache ya Birkin yapate ruhusa ya kuingia uwanjani. Magari ya mashindano yenyewe yalilipiwa na Bibi Dorothy Paget, naye mwaka 1930 akaacha kulipa. Le Mans ya mwaka huo yalimsumbua Mjerumani Caracciola katika Mercedes yake kubwa, kisha yenyewe yakavunjika, na ushindi ukachukuliwa na Bentley kubwa ya lita 6½ isiyosukumiwa hewa. Sifa yao iliyo bora ni nafasi ya pili aliyopata Birkin huko Pau mwaka huohuo, katikati ya Bugatti nyepesi. Hawakupata kushinda Le Mans hata mara moja, na leo ndiyo Bentley yanayopiganiwa minadani kuliko mengine. Dunia ina mambo.

Baada ya ushindi wa 1930 kampuni ilijitoa katika mashindano. Biashara ulimwenguni ilikuwa imeanguka tangu mwaka uliotangulia. Gari la lita 8, ambalo fremu na mtambo wake tu, pasipo bodi, viliuzwa kwa pauni 1,850, lilitoka wakati ambapo hata matajiri walikuwa wakihesabu senti. Yaliundwa 100 tu. Mwezi wa Julai 1931 Barnato alikataa kuongeza fedha, na kampuni ikatiwa mikononi mwa mfilisi. Katika miaka kumi ilikuwa imeuza magari kama 3,000.

Napier ilikuwa tayari kuinunua, na Bwana Bentley alikwisha kuanza kufikiria gari litakalofuata. Siku ya mwisho, mbele ya hakimu, ikajitokeza kampuni asiyoijua mtu ikatoa fedha zaidi, kama pauni 125,000 kwa jumla. Zilipita siku kabla Bwana Bentley hajajua kwamba nyuma yake alikuwako mshindani wake Rolls-Royce. Alichukuliwa pamoja na mali nyingine, akapewa kazi ndogo isiyomfaa, hata gari alilokuwa akitumia mwenyewe likaondoka. Kati ya watu wote tuliowataja, Barnato ndiye aliyejua kuogelea: alikuwa na hisa za Rolls-Royce.

Mwaka 1935 mkataba wake ulipokwisha alihamia Lagonda. Huko aliunda injini ya silinda 12, na mwaka 1939 magari mawili yenye injini hiyo yalimaliza Le Mans katika nafasi ya tatu na ya nne, yakiwa yametayarishwa kwa haraka na kuendeshwa kwa hadhari. Baada ya vita vya pili injini aliyosimamia, ya silinda sita na ujazo wa lita 2.6, ndiyo iliyomvuta David Brown kuinunua Lagonda mwaka 1947, akaitia katika Aston Martin DB2. Hivyo fundi aliyeshika kwamba ukubwa ni bora aliacha nyuma yake injini ndogo iliyo nzuri.

Alifariki tarehe 13 Agosti, 1971, akiwa na umri wa miaka 82, pasipo kuacha mtoto. Wenye magari yake ya Cricklewood walikuwa wamekwisha kuunda chama chao tangu 1936, naye alikuwa mlezi wao, akihudhuria mikutano yao na kuyatazama magari aliyoyaunda ila asiyoweza tena kuyanunua.