Kipofu wa Rabai

Huenda asubuhi ya leo umeingia ibadani ukitabasamu, kila aliyekusalimu ukamjibu kuwa u mzima, na huku moyoni unajua huna hata nguvu ya kuimba pambio. Tumejifunza kuficha. Twadhani Mungu ana kazi na walio imara tu. Basi keti kidogo, nikukumbushe habari za Johannes Rebmann.

Jina lake ulilisikia shuleni. Ndiye Mzungu aliyepeleka Ulaya habari za theluji ya Kilimanjaro. Vitabu vingi huishia hapo, na nadhani vinaishia mahali pabaya.

Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Mwaka 1846 alifika Mombasa, akapokewa na Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa amemzika mkewe na mtoto mchanga. Siku walipopanda kwenda Rabai kuanzisha misheni, wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Na unajua mtu wao wa kwanza kubatizwa alikuwa nani? Mringe, mlemavu, aliyefariki muda mfupi baadaye. Kamati yoyote ya kanisa ya leo ingeuliza kama huo ni mwanzo au ni mwisho.

Mwaka 1848 Rebmann alikwenda bara bila silaha, amebeba mwavuli. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wake wa safari aliuita baridi tu, naye akatambua kuwa ni theluji. Siku hiyo alisoma Zaburi ya 111.

Mwaka uliofuata alirudi Uchagani akiwa na mizigo ya kumfikisha Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame akaichukua karibu yote. Hapo Rebmann alilia, msomaji wangu, mtu mzima, mbele ya watu. Mamkinga alipotaka kumtuliza, alieleza kwamba hakulilia vitu vyenyewe, bali kwa kuwa vilitolewa na watu waliotamani Neno la Mungu lifike mbali zaidi. Hakujifanya shujaa. Machozi yale yaliwapa wenyeji wake sababu ya kuuliza ni kitu gani hasa alichokuwa anakitafuta.

Huko London nako msomi mmoja, Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku kwetu, aliandika kwamba theluji hiyo haipo. Miaka mingi ikapita kabla Baron von der Decken hajaupanda mlima, miaka ya 1861 na 1862, na kuthibitisha. Wewe ukisingiziwa uongo wiki moja tu, hulali!

Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki. Mtoto wake alikufa akiwa mchanga, na mwaka 1866 akamzika mkewe, Emma. Aliendelea kukusanya maneno ya Kiswahili, ya Kinyika, na ya lugha ya Nyasa aliyofundishwa na Salimini, mtu aliyeletwa pwani utumwani. Waumini wake walikuwa wachache kabisa. Kisha macho yakaanza kufifia. Wamisionari wapya walipofika katikati ya miaka ya 1870, walimkuta karibu kipofu, mzee kabla ya umri wake, bado yuko Rabai.

Hapa ndipo ninapoomba utulie. Mtume Paulo alisihi mara tatu aondolewe mwiba, na mwiba ukabaki. Rebmann naye hakuponywa. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, alikubali kurudi kwao Ujerumani, lakini hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemsindikiza ni kijana Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa wale wachache sana walioamini mwanzoni kabisa. Mwalimu akawa wa kuongozwa, na mtoto wa mwanafunzi wake akawa macho yake hadi Ulaya.

Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi ya lugha ya Nyasa, ile aliyofundishwa na Salimini, ilichapishwa mwaka uliofuata.