Friedrich Wilhelm Raiffeisen na Mfuko wa Siku ya Njaa

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa mwaka 1818 huko Hamm, kijiji cha Ujerumani. Mchungaji wa kwao ndiye aliyemfundisha elimu.

Mwaka 1845 aliwekwa kuwa mkuu wa vijiji vya Weyerbusch. Mwaka uliofuata mavuno yakaharibika, njaa ikaingia. Serikali ya Prusia ikaleta unga, lakini kwa amri kwamba asipewe mtu ila mwenye kulipa fedha papo hapo. Basi maskini wakauona unga kwa macho, wasiweze kuununua. Raiffeisen hakuifuata amri ile. Akawakusanya wenye mali, wakachanga fedha, wakajenga nyumba ya kuokea mikate. Na wasio na kitu wakapewa mikate kwa deni, walipe baadaye.

Mwaka 1849, huko Flammersfeld, akaona msiba mwingine. Mkulima aliyefiwa na ng'ombe alikimbilia kwa wala riba, nao wakamfilisi hata shamba lake. Akaanzisha chama: matajiri wapatao 60 wakawa wadhamini, na wakulima wakapata ng'ombe, wakilipa kidogo kidogo kwa miaka 5.

Lakini akajifunza neno zito, ya kwamba huruma ya matajiri huchoka. Njaa ikiisha kupita, nao husahau. Kwa hiyo mwaka 1864, huko Heddesdorf, akaupanga mfuko upya. Wakopaji wakawa wanachama wenyewe, kila mtu akimdhamini mwenziwe kwa mali yake yote. Na faida haikugawanywa, ila iliwekwa kuwa akiba. Mwaka 1872 akaunda benki ya kuviunganisha vyama, ili fedha za kijiji chenye ziada zikisaidie kijiji kilichopungukiwa.

Kazi hiyo aliifanya huku macho yake yakififia. Binti yake Amalie alimwandikia na kumsomea. Akafariki tarehe 11 Machi 1888.

Nasi tujiulize. Ukame na mafuriko hurudi katika nchi zetu, na mara nyingi msaada hufika watu wakiwa wamekwisha kuuza mbuzi na kula mbegu. Wakati huo ni vigumu kuanza kuchanga. Je, usharika wetu umeweka nini mwaka huu, wakati ghala zingali na chakula? Mzee yule alianza na tanuru moja la mikate. Sisi tungeweza kuanza na debe moja la mahindi kwa kila nyumba.