Benjamin Franklin: Mchapishaji aliyeielekeza radi ardhini

ANAYEJENGA nyumba Osieko, sawa na mwenzake wa Busia mjini au Malaba, huhitaji stima ya muda hata kabla ya kuta kuinuka. Mlingoti husimamishwa kiwanjani, mita na swichi kuu zikafungiwa ndani ya kisanduku kisichopenyeza mvua, kisha waya wa rangi ya kijani na manjano ukateremshwa hadi kwenye ufito wa shaba uliokitwa ardhini.

Ufito huo ndio wengi huupuuza. Asili yake inaturejesha kwa Benjamin Franklin, ambaye, kwa fahari yetu wanahabari, alitajirika kwa gazeti.

Franklin alizaliwa Boston, Marekani, mnamo Januari 17, 1706, babake akiwa mtengenezaji wa sabuni na mishumaa. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 10. Alifunzwa uchapishaji na kakake James, lakini alimtoroka mnamo 1723 na kwenda Philadelphia, ambako aliendesha gazeti la Pennsylvania Gazette. Mnamo 1748 alijiondoa katika biashara hiyo na kuzamia utafiti wa umeme.

Alipendekeza kwamba chuma chenye ncha kali kisimamishwe juu ya jengo ili kuthibitisha kuwa radi ni umeme. Wafaransa walilijaribu wazo hilo Mei 1752, wakafaulu. Yeye naye anasemekana kurusha tiara mwezi uliofuata. Picha zinazoonyesha tiara hiyo ikipigwa na radi zinapotosha; angekufa papo hapo.

Aliyekufa ni Georg Wilhelm Richmann, jijini St Petersburg, mnamo 1753. Waya aliouteremsha kutoka paani uliishia kwenye kifaa chumbani mwake, bila kufika ardhini. Radi ikaipata njia mwilini mwake.

Hatari ya mlingoti wa muda ni ya namna hiyo hiyo. Waya wa mashine ya kuchanganyia saruji ukichubuka, stima huingia katika chuma cha mashine. Waya wa ardhi ukiwa imara, stima hiyo hupita humo, nayo swichi ya kukata stima inayovuja huizima mara moja. Usipokuwepo, njia ni kibarua aliyesimama peku matopeni, na huko Osieko, kando ya Ziwa Victoria, matope si haba.

Franklin hakudai malipo ya hataza kwa uvumbuzi wake. Hata hivyo, hakuwa malaika: alimiliki watumwa kwa miaka mingi, na ni uzeeni tu, mnamo 1787, alipoongoza chama cha kupinga utumwa katika jimbo la Pennsylvania.

Aliporejea Philadelphia mnamo 1785, baada ya miaka tisa akiwa mjumbe wa nchi yake Ufaransa, alibaini kwamba radi ilikuwa imeipiga nyumba yake. Ncha ya shaba ya kinga aliyoiweka paani ilikuwa imeyeyuka karibu yote, ila nyumba haikudhurika. Alifariki katika nyumba hiyo mnamo Aprili 17, 1790, akiwa na umri wa miaka 84.