Charles Huggins, Daktari wa Tezi Dume

Mwaka huu nimeonelea niwasimulie maisha ya daktari ambaye kila mwenye baba au babu anafaa kumjua.

Charles Brenton Huggins alizaliwa Halifax, nchini Kanada, tarehe 22 Septemba 1901. Masomoni alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka wa 1924 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na mwaka wa 1927 akaajiriwa Chuo Kikuu cha Chicago, akashughulikia magonjwa ya njia ya mkojo.

Hebu kwanza tuielewe tezi dume. Ni tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Ikikua kupita kiasi, mrija hubanwa. Mzee huamka usiku mara kwa mara, na mkojo wenyewe hutoka kwa shida. Mara nyingi uvimbe huo si saratani, lakini saratani nayo huipata tezi hiyo hiyo.

Huggins alianza kwa kuchunguza mbwa, kwa maana mbwa dume naye huvimba tezi hiyo uzeeni. Akagundua kwamba tezi hutegemea homoni ya kiume itokayo kwenye korodani. Homoni ikikosekana, tezi hunywea. Je, saratani nayo ingenyimwa chakula hicho? Mwaka wa 1941, yeye na Clarence Hodges walionyesha kwamba wagonjwa waliotolewa korodani, au waliopewa homoni ya kike, walipata nafuu. Baadhi yao waliokuwa wakiteswa na maumivu ya mifupa walitulia. Kumbe saratani yaweza kuzuiwa kwa kemikali!

Sisemi walipona kabisa, la. Mara nyingi ugonjwa hurudi baadaye. Hata hivyo, mwaka wa 1966 Huggins alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Peyton Rous. Alifariki Chicago tarehe 12 Januari 1997, akiwa na miaka 95. Hadi leo madaktari hupunguza homoni hiyo, mara nyingi kwa sindano badala ya kisu.

Linalonikera mimi ni aibu. Wazee wetu wengi huona haya kutaja mkojo mbele ya watoto, wakaenda hospitalini maji yakiwa yamezidi unga. Wenzangu, tukifunga shule tuwaulize kwa adabu. Mficha maradhi kifo humuumbua.