D. Boon: Nyimbo za Dakika Moja

Boon, si boom. Naweka wazi mapema kwa sababu kila nikilitaja jina hili hosteli, kuna mtu anauliza kama pesa zimeingia.

Dennes Dale Boon alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa Minutemen, bendi ya watu watatu kutoka San Pedro, mji wa bandari huko Los Angeles, Marekani. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1958. Wapenzi wa panki ya Marekani, hasa ile kali na ya kasi inayoitwa hadikoo, wanamjua fika. Hapa chuoni ni wachache, na mimi naona tunakosa kitu, hasa sisi tunaosomea ualimu.

Alikulia kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo, majengo ambayo zamani yalikuwa kambi ya jeshi. Siku moja alikuwa anacheza vita na wenzake, akaruka kutoka mtini, akamtua mtoto asiyemjua akidhani ni mwenzake. Mtoto yule ni Mike Watt, na hawakuachana tena. Mama yake Boon ndiye aliyewaanzishia muziki: mwanawe gitaa, Watt besi. Shida ni kwamba hawakujua besi ni nini. Watt alipiga gitaa la kawaida lenye nyuzi nne tu, akiamini ndiyo yenyewe. Kukaza nyuzi nako walidhani ni suala la mtu anavyopenda, mwingine zikaze, mwingine zilegee! Kwenye andalio la somo, pale kwenye maarifa ya awali, hawa wangeandikiwa sifuri.

Mwaka 1980 wakaanzisha Minutemen, na George Hurley akashika ngoma. Santuri yao ya kwanza, Paranoid Time, ina nyimbo 7 na haifiki dakika 7. The Punch Line ya 1981 ina nyimbo 18 kwa robo saa hivi. Hakuna kiitikio cha kurudiwa mara nane, wala gitaa halijinyooshi peke yake mpaka watu wachoke. Neno likishasemwa, wimbo umekwisha.

Ila kwangu mimi, jambo kubwa la Boon liko kwenye sauti ya gitaa lake. Aliondoa mlio wa chini wote, akabaki na ule mwembamba, mkali. Alifanya hivyo makusudi ili besi ya Watt na ngoma za Hurley zipate nafasi. Kwenye roki mpiga gitaa ndiye bosi, anafunika kila mtu. Boon alikuwa mtu wa siasa za wafanyakazi, akaona haiwezekani kuimba usawa huku umewafunika wenzako. Wangapi tunahutubia usawa hapa chuoni, halafu kwenye kazi ya kundi tunaongea peke yetu?

Pesa hawakuwa nazo, basi wakabana. Safari zilikuwa za gari moja, vyombo wanabeba wenyewe, kulala ni sakafuni kwa mashabiki. Mwaka 1984 waliposikia Hüsker Dü, wenzao wa lebo ya SST, wanatoa santuri mbili kwa pamoja, nao wakaongeza nyimbo zao. Ndiyo ikatoka Double Nickels on the Dime, nyimbo zaidi ya 40, kwa kama dola 1,100. Humo kuna jazi, fanki, hata kantri. Wimbo wa Corona, ambao miaka mingi baadaye ulikuja kuwa wa kufungulia kipindi cha televisheni cha Jackass, ulitokana na safari ya Meksiko na mwanamke aliyekuwa akiokota chupa ufukweni. Wengi wanaoujua kwa kipindi kile hawamjui mama wa chupa.

Nyumbani San Pedro, Boon alitoa kijarida chake, The Prole. Aliandaa pia maonyesho ya bendi kwenye ukumbi wa mtaani, yakianza mapema ili wenye kazi asubuhi wawahi kulala. Jamaa alikuwa mnene, na akipanda jukwaani aliruka kama mpira.

Desemba 1985 walimaliza ziara na R.E.M. Tarehe 22 mwezi huo Boon alikuwa na homa, amejilaza nyuma ya gari bila mkanda, wakikatiza jangwa la Arizona. Gari likapata ajali, akarushwa nje, akafa palepale. Alikuwa na miaka 27.

Watt alitaka kuacha muziki kabisa. Kijana mmoja shabiki, Ed Crawford, akasafiri kutoka Ohio kumshawishi, na hapo ikazaliwa fIREHOSE, Hurley akiwa kwenye ngoma. Kulikuwa pia na deni. Ndani ya albamu ya mwisho ya Minutemen, 3-Way Tie (For Last), waliweka karatasi za kura, mashabiki wachague nyimbo za kuingia kwenye albamu ya jukwaani. Boon alikufa mwezi uleule ilipotoka. Kura zilihesabiwa hivyo hivyo, kanda zikakusanywa, na mwaka 1987 matokeo yakatolewa kwa jina la Ballot Result.