Roosevelt: Rais wa Marekani aliyekimbilia nyikani kuuguza majonzi

Septemba 1883, kijana wa miaka 24 kutoka New York alishuka treni usiku kwenye kituo kidogo kando ya mto Little Missouri, Dakota. Alikuja likizo tu. Alitaka apande farasi na awinde nyati wa Marekani kabla hawajaisha kabisa.

Jina lake Theodore Roosevelt. Alikuwa mtoto wa kishua, mwenye miwani, aliyekua akisumbuliwa na pumu.

Mvua ilimpokea vibaya. Ilinyesha siku baada ya siku, farasi wakawa wanateleza kwenye tope, na Joe Ferris, kijana aliyemwongoza porini, akaanza kuchoka. Roosevelt ndiyo kwanza akawa anafurahi! Nyati alimpata mwishoni, na kabla hajarudi kwao alikuwa ameshatoa dola 14,000 za kuwekeza kwenye ng'ombe wa ranchi ya Maltese Cross.

Kisha ikaja Februari 14, 1884. Alfajiri mama yake alifariki kwa homa ya matumbo. Mchana wa siku hiyo hiyo, nyumba hiyo hiyo, akafariki mkewe Alice, siku mbili tu baada ya kujifungua binti. Alikuwa na miaka 22.

Roosevelt alichora alama kubwa ya X kwenye shajara yake. Kichanga akamwachia dada yake, yeye akarudi Dakota. Wapo wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo, na si bure. Hata kitabu alichokuja kuandika kuhusu maisha yake hakimtaji Alice.

Kule nyikani alijenga ranchi ya pili, Elkhorn, mbali na majirani. Makauboi walimcheka kwa miwani yake, wakambandika jina la Macho Manne. Kicheko kiliisha walipomwona kazini. Wakati wa kukusanya ng'ombe alikuwa juu ya tandiko tangu alfajiri, na kundi likikurupuka usiku kwa radi, naye alilifukuza gizani kama wenzake. Mwaka 1886 wezi walimwibia mashua. Aliwafuata mtoni kwenye barafu, akawakamata na kuwafikisha kwa sheria badala ya kuwanyonga.

Majirani zake, kina Eaton, walikuwa na wageni wengi wa mjini waliotaka kuonja maisha hayo hadi ikabidi waanze kuwatoza pesa. Hapo ndipo inapohesabiwa kuanza biashara ya likizo za ranchi Marekani. Mwaka 1904 waliihamishia Wyoming.

Majira ya baridi ya 1886 na 1887 yalimmaliza. Theluji ilifunika malisho, na zaidi ya nusu ya ng'ombe wake wakafa. Pesa nyingi ikaenda na maji. Wakati huo alikuwa ameshaoa tena, akarudi kwenye siasa.

Mwaka 1901 akawa rais, akiwa na miaka 42. Alipotoka Ikulu akapanda meli, na Aprili 1909 akatua Mombasa kuwinda. Huko bara, kwenye nyika za Kapiti, alikuwa tena juu ya farasi.

Alifariki Januari 6, 1919. Kibanda chake cha magogo cha Maltese Cross bado kipo Medora, kwenye hifadhi ya taifa yenye jina lake. Elkhorn yamebaki mawe ya msingi.