Kepler, mnajimu wa kaisari aliyeishuku hata nyota yake

JOHANNES Kepler alijua muda aliokaa tumboni mwa mama yake hadi dakika: siku 224, saa 9 na dakika 53. Aliupata kwa hesabu zake mwenyewe akiwa kijana, alipokuwa akitafuta chanzo cha tabia zake. Wazazi wake walioana Mei 1571, naye akazaliwa 27 Desemba mwaka huohuo, saa 8:30 mchana, katika mji mdogo wa Weil der Stadt kusini mwa Ujerumani. Hesabu hiyo ilimfanya kuwa mtoto njiti, na bila shaka iliwafaa pia wazazi mbele ya majirani wanaohesabu miezi kwa vidole.

Shuleni tunafundishwa kwamba Kepler ndiye aliyegundua kuwa sayari hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, si ya duara kamili. Ni kweli, na kwa hilo jina lake halitafutika. Lakini sehemu kubwa ya mkate wake ilitoka kwingine: kupiga hesabu za nyota za watu. Chati zaidi ya 800 za kuzaliwa alizochora kwa mkono wake zimehifadhiwa hadi leo. Wamo wafalme na majenerali, na wamo pia mke wake, watoto wake na yeye mwenyewe.

Chati ya kuzaliwa ni picha ya anga. Inaonyesha jua, mwezi na sayari zilikuwa wapi saa ile na mahali pale mtu alipozaliwa, na imegawanywa katika nyumba 12: ya mali, ya ndugu, ya ndoa, ya safari na nyinginezo. Pwani yetu kuna hesabu ya nyota inayofuata vitabu vya Abu Maashar, ambayo hutumia herufi za jina la mtu na la mama yake, kwa hiyo hata asiyejua siku aliyozaliwa hutafutiwa nyota yake. Hesabu za Ulaya ya Kepler zilitaka saa, na ikiwezekana dakika.

Alipokuwa na miaka 25 hivi aliwaandika watu wa ukoo wake mmoja baada ya mwingine: siku ya kuzaliwa, sayari zilivyokaa, kisha tabia. Hakumwonea mtu haya. Babu yake Sebald, aliyewahi kuwa meya wa Weil der Stadt, alimweleza kuwa mwenye kiburi na hasira za haraka. Baba yake Heinrich, askari wa kukodiwa aliyekuwa akienda vitani na kurudi hadi siku alipoondoka moja kwa moja, alimpa maneno makali zaidi: mkorofi, mgomvi, mtesaji wa mkewe. Mama yake Katharina, binti wa mwenye nyumba ya wageni na mjuzi wa mitishamba, alimwona mwanamke mdogo wa umbo, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Yeye mwenyewe alijifananisha na mbwa mdogo wa kufugwa, apendaye kutafuna mifupa, achukiaye kuoga, ajipendekezaye kwa wakubwa na kuwabwekea wengine. Sijui ni wangapi kati yetu wangekubali kuandika hivyo kujihusu, wakiwa na nyota au bila nyota.

Alikuwa mtoto dhaifu. Ndui ilimwachia macho mabovu, jambo gumu kwa mtu atakayeishi kwa kuangalia anga. Lakini mama yake alikuwa amempeleka juu kilimani mwaka 1577 kuona nyota yenye mkia, na baadaye ufadhili wa serikali ya Württemberg ukampeleka Chuo Kikuu cha Tübingen. Huko mwalimu wake Michael Mästlin alimfundisha mawazo ya Copernicus, kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Alikusudia kuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1594 nafasi ya mwalimu wa hisabati ikatokea Graz, Austria, naye akatumwa huko kabla hajamaliza masomo ya dini.

Kazi ya Graz ilikuja na sharti: kila mwaka atoe kalenda yenye utabiri wa hali ya hewa, mavuno, vita na magonjwa. Kalenda yake ya kwanza, ya mwaka 1595, ilitabiri baridi kali na mashambulizi ya Waturuki. Yote mawili yakatokea. Jina lake likapaa mjini, ingawa yeye alijua kwamba Austria ya juu milimani haikosi baridi na kwamba Waturuki walikuwa tayari mpakani. Aliueleza unajimu kama binti mpumbavu ambaye kipato chake ndicho kinachomlisha mama yake mwenye akili, yaani elimu ya anga.

Mtu anaweza kusema basi alikuwa tapeli anayejijua. Sivyo. Kepler aliamini kwa dhati kwamba anga huacha alama katika nafsi ya mtoto anapozaliwa. Alichokikataa ni sehemu kubwa ya kile kinachouzwa kwa jina hilo hadi leo. Nyumba 12 aliziona hazina msingi. Tabia zinazodaiwa kutoka kwenye buruji, kwamba wa Simba yuko hivi na wa Ng'e yuko vile, alizihesabu kuwa mapokeo yasiyo na sababu, kwa kuwa mipaka ya buruji iliwekwa na binadamu. Alichobaki nacho ni pembe ambazo sayari hufanya zikitazamwa kutoka duniani. Aliona nafsi huzisikia pembe hizo kama sikio linavyosikia sauti zinazopatana. Na kwa sababu hakupenda kuamini bila kupima, kwa miaka mingi aliandika hali ya hewa ya kila siku ili alinganishe na pembe hizo.

Mwaka 1600 Graz ilimtapika. Watawala Wakatoliki waliwafukuza Waprotestanti waliokataa kubadili dini, naye akakataa. Alifunga mizigo pamoja na mkewe Barbara na binti wa kambo, akavuka kwenda Prague kwa Tycho Brahe, mtaalamu kutoka Denmark aliyekuwa na vipimo bora zaidi vya anga wakati huo. Mwaka uliofuata Brahe akafariki, na Kepler akapewa cheo chake: mwanahisabati wa Kaisari Rudolf II.

Cheo kilikuwa kikubwa, mshahara ulikuwa wa karatasi. Hazina ya kaisari iliahidi na kuahirisha, ikamtuma kwenye mji huu na mji ule kudai. Wanaosafirisha mzigo kwa mkopo na kuambiwa warudi wiki ijayo watamwelewa mara moja.

Rudolf alikuwa mtu wa kuamini nyota, na hapo ndipo Kepler alipoonyesha msimamo wake. Mwaka 1611 kaisari alikuwa akipigania kiti chake dhidi ya ndugu yake Matthias. Kila upande ulitaka kujua nyota zinasemaje. Katika barua ya siri kwa mtu wa karibu na Rudolf, Kepler alishauri kwamba unajimu usiishie kuondolewa barazani tu, bali uondolewe hata vichwani mwa wanaomshauri kaisari. Sababu yake ilikuwa ya kiutendaji: anayeamini nyota anaweza kuendeshwa na yeyote anayemlipa mnajimu. Aliyasema hayo mtu ambaye nyota ndizo zilizomweka kazini. Rudolf alipoteza taji la Bohemia mwaka huohuo na kufariki Januari 1612. Mwaka 1611 huohuo Kepler alimzika mtoto wake Friedrich kwa ndui, kisha mkewe.

Akahamia Linz, nchini Austria. Mwaka 1613 alioa tena, baada ya kuwapima wanawake 11 na kumrudia wa tano, Susanna. Aliponunua mvinyo wa nyumbani, muuzaji alikuja na ufito mmoja tu. Aliuingiza kwa mshazari kupitia tundu la pipa hadi pembe ya chini, akasoma alama, akataja ujazo na bei. Kepler akashtuka. Pipa refu jembamba na pipa fupi nene yanaweza kutoa kipimo kilekile cha ufito huku yakibeba kiasi tofauti kabisa. Mfanyabiashara yeyote anayenunua kwa debe au kwa lumbesa anajua hofu hiyo.

Wengi wangenung'unika na kulipa. Yeye alikaa chini akaandika kitabu kizima cha hisabati ya mapipa, kilichotoka mwaka 1615. Matokeo yalimpa muuzaji haki: kwa umbo la mapipa ya Austria, makosa madogo ya fundi hayabadilishi ujazo kwa kiasi cha kutia hasara. Ufito ulifaa, mradi pipa liwe la umbo hilo. Mimi huona kitabu hiki ndicho kinachoeleza vizuri shida yake na unajimu. Chati nayo ni ufito: kipimo kimoja, cha dakika moja, kinachodai kusema yote yaliyomo ndani ya mtu. Kwa pipa alipata uthibitisho na mipaka yake. Kwa binadamu aliutafuta maisha yake yote.

Mwaka huohuo wa 1615 habari mbaya zilikuja kutoka nyumbani. Mama yake, sasa mjane mzee mjini Leonberg, alituhumiwa na mwanamke wa mjini kwamba alimpa kinywaji kilichomtia ugonjwa. Tuhuma zikaongezeka hadi zikawa kesi ya uchawi, wakati ambapo wanawake wengi katika eneo hilo walichomwa moto kwa mashtaka ya namna hiyo. Agosti 1620 alikamatwa na kufungwa minyororo. Kepler aliacha kazi Linz, akasafiri hadi Württemberg na kusimamia utetezi mwenyewe. Aliujenga juu ya sheria, juu ya ushahidi uliopingana na juu ya sababu za kawaida za magonjwa ambayo majirani walimsukumia mama yake. Oktoba 1621 bibi huyo alionyeshwa vyombo vya mateso na kutakiwa akiri. Hakukiri. Aliachiwa, akafariki Aprili 1622.

Kesi ikiwa bado inatokota, mwaka 1619, Kepler alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu upatanifu wa ulimwengu. Ndani yake alirudi kwenye chati yake mwenyewe na kuuliza nini katika maisha yake kilitoka huko. Akataja mwanamke ambaye chati yake ilifanana sana na yake, mwenye roho ileile isiyotulia, lakini asiye na elimu, aliyeuvuruga mji wake na kujiletea balaa. Hakumtaja jina. Wanaosoma maandishi yake wanakubaliana kwamba ni Katharina.

Anga moja, basi, na maisha mawili: mmoja mwanahisabati wa kaisari, mwingine aliyekuwa akingoja minyororo. Jibu la Kepler lilikuwa kwamba nyota zake hasa hazikuwa Zebaki wala Mirihi, bali Copernicus na Tycho Brahe. Bila vipimo vya Brahe, alisema, kila alichogundua kingebaki gizani. Anga ilimpa wepesi wa akili na hangaiko, lakini walimu na vitabu ndivyo vilivyoamua hangaiko hilo lielekee wapi. Mama yake hakupewa hata kimoja. Kwangu haya ndiyo maneno mazito kuliko yote aliyoyaandika kuhusu nyota za watu, na yanauma zaidi kwa kuwa aliyewekwa kwenye mizani alikuwa mama yake mzazi.

Wateja, hata hivyo, hawakutaka kusikia habari za walimu. Mwaka 1608, kupitia mtu wa kati, kijana mmoja wa ukoo wa kikabaila alikuwa ameomba chati bila kutaja jina. Kepler alimweleza kuwa mwenye tamaa ya cheo, asiyetulia, mkali na asiye na huruma nyingi, na akamtabiria ndoa na mjane tajiri akiwa na miaka 33. Kijana huyo alikuwa Albrecht von Wallenstein. Alimwoa kweli mjane tajiri, ila mwaka uliofuata, hakungoja miaka 33, naye akaandika pembeni mwa karatasi tarehe zilizokosewa. Akiwa jenerali mkubwa wa kaisari katika Vita vya Miaka Thelathini, aliirudisha chati hiyo irekebishwe na kuongezwa. Kepler alimjibu mwaka 1625 kwa maneno ambayo si rahisi kumwambia mteja mwenye jeshi: anayetarajia nyota zimweleze matukio mahususi ya maisha yake amepotoka.

Vita vilimfuata Linz, kiwanda cha uchapaji kikaungua mwaka 1626, akahamia Ulm kuchapisha majedwali yake ya sayari. Huko wakuu wa mji walimwomba asuluhishe vipimo vyao vilivyovurugika. Mwaka 1627 aliwasanifia chombo kimoja cha shaba kama sufuria kubwa: kina chake futi mbili, upana wake dhiraa moja ya kupimia kitambaa, na kikijazwa maji ya mto Danube uzito wake huwa maradufu ya kikiwa kitupu. Urefu, ujazo na uzito wa soko zima katika chombo kimoja. Bado kipo Ulm.

Deni la mshahara lilikuwa limefika karibu gulden 12,000. Kaisari alilihamishia kwa Wallenstein, na mwaka 1628 Kepler akahamia kwake Sagan, leo nchini Poland. Wallenstein hakulipa, na mwaka 1630 akavuliwa ujenerali. Oktoba mwaka huo Kepler alipanda farasi mzee kufuatilia fedha zake. Aliingia Regensburg mwanzoni mwa Novemba, akamuuza farasi kwa gulden mbili, akashikwa na homa. Alifariki 15 Novemba 1630, akiwa na miaka 58. Kaburi lake lilipotea vita vilipopita juu ya makaburi hayo, na lile deni halikuwa limelipwa.

Wallenstein aliuawa 25 Februari 1634. Wanajimu hupenda kukumbusha kwamba utabiri aliomwandikia Kepler uliishia mwaka huo, ukionya juu ya machafuko ya mwezi Machi. Ile ndoa ya miaka 33 huwa hawaitaji.